Mbona Ziwa Nyasa halitajwi?

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake kaisifia Tanzania kwa Mkataba wa Arusha wa 2000 uliowapatanisha Warundi, ila Ziwa Nyasa hakuligusa. Sawa, tunastahili. Lakini sisi wa Kyela, kando ya ziwa hilo, tuna mfano wa karibu zaidi wa kutatua mgogoro kwa mazungumzo: mpaka wetu na Malawi ziwani. Mwaka 2012 maneno yalipamba moto, hadi vijiweni watu wakawa wanaulizana kama vita inakuja. Suala likapelekwa kwa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji. Mpaka leo halijamalizika, lakini hakuna risasi iliyolia. Tena mwaka uliofuata, 2013, wanajeshi wetu na wa Malawi wakawa kikosi kimoja cha Umoja wa Mataifa kule Kongo! Pale Kasumulu, kituo chetu cha mpakani na Malawi, tunagombania ushuru tu, basi.