Hotuba Niliyoitoa Juu ya Stuli

Najua wengi wenu mmekwisha kuisikiliza ile sauti ya dakika mbili na nusu inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp tangu usiku wa juzi, ambamo mtu mwenye sauti kama yangu anawahutubia wateja kuhusu uzembe wa serikali. Mtu huyo ni mimi. Aliyenirekodi ni rafiki yangu wa miaka mingi, muuza kahawa wa hapa Kibokoni, Mombasa, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na dele lake mkononi, na ambaye baadaye aliona hotuba peke yake haitoshi, akaongeza maelezo yake mwenyewe mwishoni. Maelezo hayo ni ya kweli isipokuwa katika jambo moja, nalo nitalisahihisha nitakapolifikia. Kama ni kucheka, basi chekeni mkiwa na habari kamili.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 30 Juni. Kwa mlioko Kenya sina haja ya kuieleza tarehe hiyo. Kwa wenzetu wa Tanga na Unguja, hiyo ndiyo siku ya mwisho ya mtu binafsi kuwasilisha ritani ya kodi ya mwaka uliotangulia, na anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000 hata kama mwaka mzima hakuiona senti. Tangu Januari watu huwa na miezi sita ya kuifanya kazi hiyo ya dakika kumi, lakini sisi wa Mji wa Kale tumekubaliana bila kuandikiana kwamba itafanywa siku ya mwisho, tena kwangu. Saiba yangu, yaani duka langu la intaneti, ina kompyuta sita. Kufikia saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imepita mlango wa msikiti na kufika kwa mama wa viazi vya karai.

Kompyuta ya kwanza ilikataa kuifungua tovuti ya kodi. Ya pili ikakataa, na ya tatu, hadi ya sita, ilhali barua pepe, magazeti na video zilifunguka kama kawaida. Ulikuja ukurasa mweupe wenye maandishi ya kijivu. Niliutazama ukurasa huo, na naomba mzingatie kwamba nimesema niliutazama, sikusema niliusoma. Nikatoa hukumu hapohapo. Nikapanda juu ya stuli ya plastiki ili nionekane na walio nje, nikasema yale mliyoyasikia: kwamba mfumo umeanguka, kwamba kila mwaka twahimizwa kulipa kodi na kila mwaka mlango wa kulipia wafungwa, kwamba nchi yenye wataalamu kama sisi haikustahili aibu hii. Pale mnaposikia makofi ni ya kweli, hayakuongezwa. Pale mnaposikia mtu akisema “Sema, Maalim!”, huyo ni muuza kahawa mwenyewe, anayenichochea huku akinirekodi.

Pamoja na hukumu hiyo, niliona heshima yangu inanitaka nionyeshe jitihada mbele ya umati. Nikaanza kazi, na kila hatua nikawa naitangaza kwa sauti kama mtu anayesimulia mpira. Nilifuta kashe, yaani nakala za kurasa ambazo kivinjari hujiwekea. Nilifuta na kuki zote, zile kumbukumbu zinazoifanya tovuti imtambue mtu aliyekwisha kuingia, pasipo kukumbuka kwamba kwenye kompyuta ya nne alikuwepo kijana aliyekuwa akijaza maombi ya kazi ya ubaharia tangu tulipofungua mlango, naye akatupwa nje ya akaunti yake akiwa kwenye ukurasa wa saba kati ya nane. Kijana huyo mpaka leo akinipita njiani huangalia bahari. Nilifungua dirisha la faragha, nikazima viongezi vyote, nikajaribu kivinjari kingine. Nilikagua tarehe na saa, kwa kuwa tovuti salama huwa na cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kompyuta iliyokufa betri yake ndogo ikarudi nyuma miaka kumi hukiona kila cheti kuwa batili. Saa zangu zilikuwa sawa kwa dakika. Nilifungua faili la hosts, ambamo anwani za tovuti huweza kuandikwa kwa mkono, nikalikuta halina kitu, nikatazama kama kuna proksi, yaani kompyuta ya kati inayopitisha mawasiliano, nikaona hakuna, nikabadilisha DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, kuwa 8.8.8.8, kisha nikaizima ruta, nikahesabu sekunde 30 kwa sauti huku watoto wakinisaidia kuhesabu, nikaiwasha tena.

Hatua hizi zote ni sahihi, na mkipatwa na tatizo kama langu zifanyeni, ila msifute kuki za mtu aliye katikati ya fomu.

Hapo binti mmoja wa chuo, aliyekuwa wa nne kwenye foleni, akaniuliza kwa adabu kabisa: “Maalim, na faiawoli umeiangalia?” Faiawoli ni bawabu wa kompyuta, anayeamua kipi kiingie na kipi kitoke. Hili ndilo jibu langu, nalo limo kwenye sauti ingawa kelele za pikipiki zimelifunika kidogo: “Mwanangu, Ngome ya Yesu ilizingirwa mwaka 1696, ikaingiliwa 1698. Yangu mimi haijaingiliwa. Faiawoli nimeiweka kwa mikono yangu, na hicho ndicho kitu pekee humu ndani ambacho sina shaka nacho.” Watu wakacheka kwa kuniunga mkono. Binti akanyamaza. Ningalimsikiliza, hivi sasa ningekuwa nakunywa kahawa yangu kwa amani na rafiki yangu angekuwa hana la kuuza ila kahawa.

Kufikia saa nne, mzee mmoja niliyemshauri aende nyumbani akapumzike hadi serikali izinduke alirudi akiwa na karatasi iliyopigwa chapa. Ilikuwa risiti ya kupokelewa kwa ritani yake, na alikuwa ameipata kwenye saiba ya ng'ambo ya barabara kwa muda wa dakika tano. Hakuniambia neno. Aliinyanyua tu, akawaonyesha walio nyuma yangu, na robo ya foleni ikavuka barabara. Nilieleza kwamba wale wa ng'ambo hutumia kampuni nyingine ya intaneti, kwa hiyo kosa ni la kampuni yangu, na nikaipigia simu kampuni hiyo nikawakaripia. Nawaomba radhi hadharani, nao nimekwisha kuwaomba faraghani.

Sasa nafika mahali ambapo natamani ningepapita haraka, lakini rafiki yangu amepapita haraka mno katika maelezo yake, na haki haikutendeka.

Kwenye benchi, karibu na kompyuta ya kwanza, alikuwa ameketi bibi mmoja aliyevaa buibui, ambaye kila mwaka mimi humjazia ritani ya sifuri, yaani ya mtu asiye na kipato cha kutozwa kodi. Alikuwa na mjukuu wake, msichana wa darasa la sita hivi, mwenye mfuko wa mabuyu mkononi na vidole vyekundu hadi kwenye viungo. Mtoto alikuwa akichezea simu ya nyanya yake. Akainua kichwa akasema: “Ami, mbona kwa simu yafunguka?” Nikamwambia kwamba simu hutumia bando lake lenyewe. Akasema: “La, Ami, twatumia waifai yako. Ulitupa nywila hivi sasa.” Nikamwambia kwamba simu ni simu na kompyuta ni kompyuta, maneno ambayo nilipoyasema yalionekana kuwa na maana.

Yule bibi akageuka polepole. Akasema: “Basi hebu msomee nyanya yako hapo pameandikwaje, maana tangu asubuhi nauona huo ukurasa na hakuna aliyetusomea.”

Mtoto akashuka benchini. Akahamisha buyu kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto. Akaweka kidole chake chekundu kwenye kioo, chini ya mstari wa kwanza, akausoma kwa Kiingereza kwa sauti ya darasani, ile sauti inayofika mpaka ukuta wa nyuma, kisha akaugeuza kwa Kiswahili neno kwa neno: “Intaneti yako imezuiwa.” Foleni ikatulia. Kidole kikashuka mstari mmoja, kikiacha doa nyuma yake. “Huenda… faiawoli… au programu ya kuzuia virusi… imezuia muunganisho.”

Sikuwa nimepumua tangu neno la pili. Yule binti wa chuo hakusema kitu; alitazama viatu vyake, na wema huo uliniuma kuliko kicheko. Nyanya akauliza: “Faiawoli ndiyo nani?” Mtoto akafikiri, akageuka, akanyoosha kidole kilekile kwenye ukuta nyuma ya kichwa changu, palipobandikwa karatasi yangu ya bei, akasoma na hiyo kwa sauti ileile ya darasani: “Kupiga chapa, shilingi 10. Kuskani, shilingi 20. Kuweka faiawoli, shilingi 500. Uhakika.” Kisha akauliza, bila ubaya wowote moyoni mwake: “Ni hii, Ami?”

Na hapo, nikiwa bado juu ya stuli, kwa sababu nilikuwa nimepanda tena kutoa taarifa ya pili, nilikumbuka.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo niligundua kwamba mpwa wangu, anayenishikia duka jioni, alikuwa akicheza kamari kwenye kompyuta zangu. Kwa kuwa mimi ni mtaalamu, sikumwambia aache. Niliingia kwenye faiawoli, upande wa miunganisho inayotoka, nikaandika kanuni ya kuzuia anwani za tovuti ile ya kamari, ambazo zilianza na 197. Anwani moja ya aina hiyo ina biti 32, yaani tarakimu 32 za sifuri na moja, na namba inayowekwa baada ya alama ya mkwaju (si ule wa maji ya ukwaju) huonyesha ni biti ngapi zimekazwa; zikikazwa chache, anwani zinazofungwa huwa nyingi. Nilikusudia kuweka 28, ambayo ingefunga anwani 16 tu. Kidole kiliiruka 2. Nikaweka 8. Maana yake ni kwamba nilizuia kila anwani duniani inayoanza na 197, na kipande hicho kizima kimetengewa bara la Afrika. Mimi, Mwafrika, mzaliwa wa Mombasa, nilifungia Afrika nje ya duka langu ili kumzuia kijana mmoja kubeti, naye kijana alihamia kwenye simu yake jioni ileile. Na kwa kuwa sipendi kurudia kazi, niliihifadhi kanuni hiyo kwenye fleshi na kuipakia katika kompyuta zote sita.

Mtauliza ilikuwaje wiki mbili zipite pasipo mtu kugundua. Waligundua. Tovuti nyingi ambazo wateja wangu huzitembelea ziko ughaibuni, kwa hiyo hazikuguswa, lakini katika siku hizo kumi na nne alikuja mwanafunzi nikamwambia kwamba chuo chake kimeanguka, akaja mwalimu nikamwambia kwamba chama chake cha akiba kimeanguka, akaja fundi cherehani aliyetaka kuagiza vitambaa nikamshauri abadilishe muuzaji.

Nilishuka kwenye stuli. Rafiki yangu anadai nilianguka, na kwa kuwa sikuwa naiona sakafu vizuri, sitabishana naye. Niliifuta ile kanuni kwa kubofya mara mbili, tovuti ikafunguka, na ritani ya sifuri ya yule bibi ikapokelewa kabla mjukuu hajamaliza mabuyu. Nilikataa malipo yake. Akalipa hata hivyo, akisema hataki deni kwa mtu mwenye matatizo. Tulifanya kazi hadi saa sita kasoro ya usiku, waliovuka barabara hawakurudi, na mpwa wangu amejitolea kunifundisha kusoma.

Sasa ule uongo. Mwishoni mwa sauti yake rafiki yangu anasema, huku akigonganisha vikombe vyake, kwamba nilifunga anwani “milioni kumi na saba”. Mimi mwenyewe ndiye niliyemweleza hesabu hiyo, kwa ujinga, nikidhani kwamba itamfanya aione kazi yangu kuwa ngumu. Lakini hakunukuu sawasawa, na siwezi kuacha jina langu lichafuliwe kwa namba ya kukisia. Zilikuwa 16,777,216, na kati ya hizo, 16 nilikuwa nimezikusudia.