Waya wa spika wa bei nafuu: kasoro iko wapi hasa?

Ukishapata amplifaya na spika nzuri, hakosekani wa kukuonya kwamba waya wa kawaida wa shaba utakuharibia muziki. Mwingine atasema waya ni waya, funga uliyonayo. Mimi naegemea kwa huyu wa pili, ila kuna jambo zito analoliruka.

Waya kazi yake ni kufikisha umeme kwenye spika bila kuupunguza. Kinachoupunguza ni ukinzani, nao hutokana na urefu wa waya, unene wake na madini yaliyomo. Bei haimo. Spika ikiwa mita 5 kutoka kwenye amplifaya, umeme husafiri mita 10, kwenda na kurudi. Shaba ya milimita 1.5 za mraba hapo ina ukinzani wa omu 0.12 hivi. Kwa spika yenye ukinzani wa omu 8, sauti inapungua kama desibeli 0.1; sikio halishtuki. Hata fedha, inayosifiwa mno, inapitisha umeme kuliko shaba kwa asilimia 6 hivi tu. Shaba nene kidogo imeshaifikia.

Lakini wanaoonya hawasemi ovyo. Chukua waya mwembamba wa milimita 0.5 za mraba, uvute mita 10 hadi kwenye spika ya omu 4: ukinzani unafika karibu omu 0.7, na hapo unapoteza zaidi ya desibeli 1. Tena haupotezi sawasawa. Ukinzani wa spika yenyewe hupanda na kushuka kulingana na sauti inayopigwa, kwa hiyo baadhi ya sauti zinafifia kuliko nyingine na muziki unabadilika sura. Malalamiko hayo ni ya kweli, ila dawa yake ni unene.

Kinachoniudhi zaidi ni waya unaouzwa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa unene uleule, ukinzani wake unazidi wa shaba kwa karibu nusu. Kwa macho huutambui. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, ile nyingine inang'aa nyeupe. Hata uzito unausaliti, bunda lake ni jepesi mkononi.

Ukisharidhika, sokota ncha vizuri kabla ya kuzifunga. Uzi mmoja uliochomoza ukigusa upande wa pili, amplifaya inapiga shoti, na hapo hata waya wa bei ya juu kabisa haukuokoi.