Sauti kubwa isubirie wapi?

Jumamosi iliyopita, kwenye mazoezi ya kwaya yetu hapa Dodoma, binti wa miaka 18 anayeimba soprano alifika kwenye kibwagizo akaiachia sauti. Spika mbili zilikuwa zinanguruma, kinanda na ngoma viko juu, na bado alisikika kuliko vyote. Wenzake wakapiga vigelegele. Mimi ninayewafundisha sauti niliona mishipa ya shingo ilivyomsimama, na wimbo ulipoisha alishika koo akaomba maji ya uvuguvugu. Kamati inataka abebe solo zote za albamu mpya. Wananisubiri niseme ndiyo au hapana.

Kwenye opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, sauti ya namna hii huitwa soprano ya kidrama: sauti ya kike inayopanda juu bila kupoteza uzito, na kuipita okestra ya watu 90 na zaidi bila maiki. Ni adimu, na huchelewa kukomaa.

Wanaosema asubiri wana mfano mzuri, Birgit Nilsson. Alizaliwa mwaka 1918, binti wa mkulima kusini mwa Sweden, akaanzia kwaya ya kanisa kama huyu wetu. Jukwaa la opera alipanda 1946, akiwa na miaka 28. Uhusika wa Isolde, mzigo mzito kwenye opera ya mtunzi Wagner, aliubeba kwa mara ya kwanza 1953. New York ilimsikia kwenye Metropolitan Opera Desemba 1959, ana miaka 41. Mwaka 1983, akiwa na miaka 65, alisimama kwenye jukwaa hilohilo akaimba.

Upande wa pili yupo Maria Callas, soprano Mgiriki aliyezaliwa New York 1923; yeye aliimba Isolde kule Venice akiwa na miaka 24 tu. Julai 1965 aliimba opera ya Tosca London, na hakurudi tena kwenye opera nzima. Alikuwa na miaka 41, umri uleule ambao Nilsson ndiyo kwanza anaingia New York. Kwa kuchakaa huko kwa sauti yake, wapo wanaolaumu kupungua mwili kwa haraka, wengine ugonjwa. Mimi naamini mizigo ya mapema ilichangia, lakini siwezi kusema alikosea. Rekodi zake za miaka ya 1950 hunisimamisha nywele hadi leo, na sijui kama Callas mwenye subira angeimba vile.

Kuna jambo ambalo sisi wahubiri wa subira hulipita haraka. Nilsson alikuwa na mahali pa kusubiria. Opera ya kifalme ya Stockholm ipo tangu 1773, inalelewa na serikali, na yeye alikuwa mwimbaji wake wa mkataba; alipokea mshahara huku akijifunza uhusika mmoja baada ya mwingine. Binti yetu anasuka nywele Majengo. Nikimwambia angoje miaka kumi, nani atamlisha miaka hiyo? Albamu ikitoka leo, mialiko ya harusi na semina itakuja leo.

Wazee wa kwaya wamenikumbusha akina mama wa Kigogo, wanaoimba kwa nguvu uwanjani huku wakipiga ngoma ya muheme, na sauti zao zinadumu hadi uzeeni. Hoja hiyo imenigusa, maana mimi mwenyewe nimekulia kwenye ngoma hizo. Lakini pale mmoja huanzisha, kundi linapokea, yeye anapumua. Hakuna anayeshindana na spika, wala anayebebeshwa usiku mzima peke yake. Tumechukua nguvu ya mama zetu tukaacha mpangilio wao.

Kwa hiyo kamati nitaiambia hivi: apewe solo mbili, siyo nane. Wimbo ule wa kibwagizo tuushushe, Doh, noti yake ya msingi, iwe E badala ya G. Ngoma zipunguzwe, na posho yake ilipwe kamili kana kwamba ameimba zote nane. Najua hilo la posho ndilo litakalozua mjadala mrefu, na sitaondoka kwenye kikao kabla halijaandikwa kwenye muhtasari.