Kijajuu si bango la matangazo

Kuna ofisi katika jiji hili la Nairobi ambazo barua yao ya aya mbili hujaza kurasa mbili. Si kwamba wana mengi ya kusema. Juu ya kila ukurasa kuna nembo, jina la shirika kwa herufi kubwa, sanduku la posta, namba tatu za simu, barua pepe, tovuti na kaulimbiu. Chini kuna dira, dhamira na majina ya wakurugenzi. Barua yenyewe imebanwa katikati kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni. Ukifunua ukurasa wa pili unakutana tena na nembo na dira na wakurugenzi walewale, kisha “Wako mwaminifu”, sahihi na muhuri. Namba ya ukurasa nayo? Haipo.

Kazi yangu ni kuhariri na kupanga hati za watu hapa katikati ya jiji: tasnifu, ripoti za miradi, zabuni, wakati mwingine majarida ya makanisa. Kwa hiyo nina msimamo kuhusu jambo hili ambalo wengi hawalifikirii hata kidogo. Kijajuu na kijachini, au heda na futa kama tunavyosema ofisini, yaani maandishi yanayojirudia juu na chini ya kila ukurasa, vipo kwa ajili ya ukurasa uliotengana na wenzake. Karatasi hutoka kwenye pini. Mtu hutoa fotokopi ya ukurasa mmoja tu anaouhitaji. Mwingine huupiga picha kwa simu, umepinda, akautuma kwa WhatsApp bila maelezo. Jiulize basi: mtu akiuokota ukurasa huu peke yake sakafuni, atajua ni wa hati gani na unakaa wapi? Jina fupi la hati juu, “Ukurasa wa 7 kati ya 31” chini, basi. Kwa hati inayobadilishwabadilishwa, ongeza toleo. Kitu kingine chochote kijieleze kwanza kabla ya kuingia.

Wanakili wa zamani waliijua hoja hii kabla ya umeme. Katika miswada mingi ya herufi za Kiarabu, mwandishi aliandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikichanganyika aliyezishika aweze kuzipanga upya. Neno moja tu, pembeni, kwa wino uleule. Anwani ya duka lake hakuiandika hapo.

Nembo na anwani ziwekwe ukurasa wa kwanza, na Word, programu ya kuandikia, ina kisanduku cha kazi hiyo: bofya mara mbili eneo tupu la juu ya ukurasa, menyu ya kijajuu ifunguke, kisha weka alama kwenye chaguo la ukurasa wa kwanza kuwa tofauti. Ni mbofyo mmoja. Ofisi yenye mhasibu, dereva na mtu wa kutengeneza chai haikosi mtu wa kubofya mara moja.

Shida kubwa zaidi ni namba zinazoandikwa kwa mkono. Nina maana watu wanaobonyeza Enter mpaka chini ya ukurasa, wakaandika 1, wakaendelea mpaka chini ya ukurasa wa pili, wakaandika 2. Juzi nilikuwa kwenye saiba moja, duka la kompyuta na kuprinti, nyuma ya Moi Avenue nikisubiri kazi yangu itoke, na mbele yangu kulikuwa na kijana mwenye tasnifu kwenye flashi. Msimamizi wake alikuwa amemwambia aongeze aya moja katika sura ya pili. Binti wa saiba akatazama kioo kwa muda.

“Kastama, hii 14 iko katikati ya ukurasa. Niprinti hivyo?”

“Aki dada, si uisukume tu kidogo iende chini.”

“Nikiisukuma hii, zile zingine zote zinasonga. Na bado uko na kurasa themanini na kitu.”

Kijana alikaa kwenye kiti cha plastiki akaanza kuhesabu mafungu ya Enter, moja moja. Foleni ikaendelea kumpita.

Namba halisi ya ukurasa haina tarakimu ndani yake. Ni uga, yaani agizo dogo linaloiambia programu “andika hapa namba ya ukurasa huu ulipo”. Ukiongeza aya, uga unahesabu upya wenyewe. Katika Word, ukiwa ndani ya kijachini, bonyeza Alt, Shift na P kwa pamoja na uga umeingia. Na kijachini chenyewe hakikai pamoja na maandishi yako. Faili ya .docx ni kifurushi kilichobanwa. Ukiifungua kwa programu ya kufungulia zip utakuta vijajuu na vijachini vimehifadhiwa katika faili zake ndogo, mbali na faili ya maandishi. Ndiyo maana ukibadilisha kimoja kinabadilika kila ukurasa, na ndiyo maana Enter zako mia mbili haziwezi kukifikia.

Sasa tuje kwa jambo linalowatoa watu machozi: kurasa za awali kwa namba za Kirumi, sura ya kwanza kuanzia 1. Karibu kila chuo kinadai hivyo. Tamko, tabaruku, shukrani, ikisiri na yaliyomo ziwe i, ii, iii. Ukurasa wa jina usionyeshe namba. Kisha utangulizi uanze upya. Mwongozo wa idara utakueleza pambizo kwa sentimita na nafasi kati ya mistari, lakini njia ya kufika huko hutaiona popote, na mwanafunzi anabaki na faili tatu tofauti anazoziprinti moja moja na kuziunganisha kwenye spiral.

Jibu ni sehemu, yaani kuigawa hati vipande ambavyo kila kimoja kina namba na kijachini chake. Weka kishale kabla ya “SURA YA KWANZA”, nenda menyu ya mpangilio, chagua mkato wa sehemu unaoanzia ukurasa mpya. Usichanganye na mkato wa kawaida wa ukurasa, ule wa Ctrl na Enter, ambao unasukuma maandishi tu na haujui lolote kuhusu namba. Sasa una sehemu mbili. Ingia kwenye kijachini cha sura ya kwanza, na hapa usiguse namba bado. Pembeni utaona maneno madogo yanayokuambia kijachini hiki ni sawa na kilichotangulia. Zima kwanza kitufe cha kukiunganisha na kilichotangulia. Wengi huruka hatua hii, wakabadilisha namba ya sura ya kwanza na kugundua wamefuta zile za Kirumi, wakarudisha za Kirumi wakaharibu sura, na usiku ukaisha hivyo. Halafu kumbuka kwamba kijajuu na kijachini kila kimoja kina muungano wake. Kuuzima wa chini hakuzimi wa juu. Ukishatenganisha, fungua muundo wa namba, agiza ianze na 1. Rudi kwenye kurasa za awali, chagua i, ii, iii, kisha uweke alama ya ukurasa wa kwanza kuwa tofauti ili ukurasa wa jina ubaki mtupu.

Kama umeandika “kati ya” katika kijachini, angalia: uga wa jumla ya kurasa huhesabu hati yote pamoja na zile za Kirumi. Upo mwingine unaohesabu sehemu peke yake.

Kuna mtego mmoja wa Word ambao ningeuandika ukutani kwenye kila maabara ya kompyuta. Taarifa za sehemu, pamoja na kijajuu chake, hukaa kwenye mkato ulio mwisho wa sehemu hiyo. Ukiufuta mkato, maandishi yaliyokuwa juu yake huchukua sura ya sehemu ya chini. Kwa hiyo mtu anaona nafasi tupu inayomuudhi kati ya yaliyomo na sura ya kwanza, anabonyeza Delete, na ghafla kurasa zake zote za Kirumi zimegeuka 1, 2, 3. Hajaelewa kilichotokea, analaumu virusi. Kabla ya kufuta chochote kati ya sura, washa alama zilizofichika, kitufe chenye alama ya aya, na mikato yote itajitokeza kwa mistari ya nukta.

LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, inafuata njia tofauti. Huko kijajuu ni mali ya mtindo wa ukurasa, na unapoweka mkato unachagua mtindo unaofuata na namba ya kuanzia. Kwangu mimi ni mpango safi zaidi, lakini ukiituma faili kwa msimamizi anayetumia Word uwe tayari kwa mshangao. Google Docs inatosha kwa ripoti fupi. Ila ukiwa umeigeuza hati kuwa ya mfumo usio na kurasa, ule waliouleta mwaka 2022, kijajuu hakionekani kabisa, na nimeshapigiwa simu ya hofu kwa sababu hiyo.

Tarehe nayo. Watu hupenda kuweka kwenye kijajuu tarehe inayojiandika yenyewe. Kwa barua hiyo ni hatari tupu. Uga wa tarehe ya leo huandika tarehe ya siku faili inapofunguliwa. Barua ya onyo uliyomwandikia mpangaji Machi, ukiifungua Oktoba kutoa nakala ya wakili, itasoma Oktoba, na nakala iliyo mkononi mwa mpangaji inasoma Machi. Andika tarehe kwa vidole vyako.

Wanaodhani haya ni urembo wazungumze na mtu wa zabuni. Kifungu cha 74 cha sheria ya Kenya ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 kinataka mwaliko wa zabuni umdai mzabuni aweke namba mfululizo kwenye kurasa zake zote. Kampuni inaweza kuwa na bei nzuri, vifaa na wahandisi, ikatolewa hatua ya kwanza kwa sababu cheti cha ushuru hakina namba, na bodi inayosikiliza malalamiko ya zabuni imewahi kupelekewa mizozo ya aina hiyo. Hapa kijachini cha Word peke yake hakikuokoi, kwa kuwa nusu ya kitabu cha zabuni ni vitu vilivyoskaniwa: vyeti, PIN ya ushuru, taarifa za benki, leseni, kila kimoja na namba yake ya ndani au bila namba. Unganisha vyote kuwa PDF moja kwanza, kisha upige namba juu ya PDF hiyo kutoka jalada hadi ukurasa wa mwisho. Waliobaki na mtindo wa zamani hutumia ule muhuri wa chuma unaojihesabu. Unafanya kazi vizuri mpaka karatasi mbili zishikane, na kuanzia hapo huna ila kuandika 112A kwa kalamu na kuomba Mungu.

Kuna mtu ataniambia haya yamepitwa na wakati, siku hizi kila mtu anasoma kwenye simu. Mahakama za Nairobi zilianza kupokea kesi kwa mtandao Julai 2020 na namba za kurasa zimezidi kuwa na kazi. Wakili anasema “ukurasa wa 46”, hakimu anaandika 46 kwenye kisanduku cha PDF, na anafika kwenye stakabadhi nyingine kabisa, maana jalada na faharasa zilihesabiwa na programu ingawa hazikuhesabiwa na karani. Kwa hati za mahakama achana na namba za Kirumi. Jalada liwe 1, hata kama namba yenyewe umeificha, ili namba iliyochapwa na ile ya programu ziende sambamba.

Na kabla ya kuituma kazi yoyote saiba, angalia ukubwa wa karatasi. Kompyuta nyingi zinazofika hapa zimewekwa karatasi ya Kimarekani, Letter, ambayo ni fupi kuliko A4 kwa milimita karibu 18 na pana zaidi kwa takribani 6. Printa ina A4. Ama itaipunguza hati yako, ama itaisogeza, na mahali pa kwanza pa kuharibika ni juu na chini kabisa, pale ulipohangaika. Badilisha iwe A4 kwanza, usogeze kijachini kisikaribie ukingo chini ya sentimita moja na robo, maana printa nyingi hazifiki ukingoni, ndipo uhifadhi PDF. Ukimpelekea binti wa saiba .docx yenyewe, fonti zake si zako, mistari itasogea, na utalipia kurasa ambazo hazikuwepo nyumbani.

Idara za vyuo zingeweza kutupunguzia nusu ya foleni hizi kwa faili moja tu: kiolezo chenye sehemu tatu tayari, miungano imeshatenganishwa, namba zimeshapangwa, kimewekwa kwenye tovuti mahali ambapo mwongozo wa pambizo uko. Anayejua kukiandaa anahitaji muda wa kipindi kimoja cha darasa.