Bia Ni Saa Kumi na Moja, Mzee

Nimerudi jana kutoka Nairobi na koo langu bado lina kinyongo. Nilikwenda kufuata vipuri kama kawaida, nikamaliza shughuli zangu mapema, na saa tisa alasiri ya Jumatano nikaingia katika baa moja ya nyama choma, nikaagiza nusu kilo ya mbuzi na bia moja ya baridi. Mhudumu aliandika nyama. Bia hakuiandika.

“Bia ni kuanzia saa kumi na moja, mzee. Hiyo ni sheria.”

Nieleweke vizuri: mimi si mlevi. Mimi ni mtu wa chupa mbili, nina wajukuu, na sheria ninaziheshimu hata zile nisizozipenda. Kwetu nako baa zina saa zake siku za kazi, nani asiyejua, isipokuwa kwetu sheria hiyo huamka na kulala kwa kumtegemea mkubwa aliyeletwa wilayani mwaka huo. Wenzetu waliiandika ya kwao mwaka 2010, wakaibatiza jina la mheshimiwa John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, na tangu hapo baa ya kawaida inatakiwa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwisho wa wiki. Sasa, ni mwaka huohuo wa 2010 ambapo Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika, ili bidhaa, watu na mitaji vivuke mipaka bila bughudha. Mtu amevuka, mtaji uko mfukoni, bidhaa iko pale kwenye friji, na bado tunatazamana kupitia nondo za kaunta.

Nikaamua kusubiri kwa heshima zangu. Hapo ndipo nilipomwona bwana mmoja wa meza ya jirani, mwenye masharubu ya kiutu uzima, akinywa chai kwenye kikombe cha udongo. Katika maisha yangu nimekunywa chai ya rangi, ya maziwa, ya tangawizi na ile ya msibani iliyopikwa kwenye pipa, lakini sijapata kuona chai ambayo povu lake hubaki kwenye masharubu ya mnywaji, na ambayo mnywaji akimaliza hucheua.

“Kijana wangu,” nikamwita mhudumu kwa upole, “tafadhali, ninaomba unihudumie chai kama ile anayokunywa ndugu yetu yule.”

Kijana akarudi nyuma hatua moja. “Mzee, kwani wewe ni wa serikali?”

“Kwa nini unauliza hivyo?”

“Hiyo Kiswahili.”

Nikajieleza. Nikamwambia kwamba mimi ni mfanyabiashara mdogo wa vipuri kutoka Arusha, kwamba sina uhusiano wowote na mamlaka yoyote ya leseni, na kwamba dhamira yangu ni kukata kiu tu kisha niendelee na safari. Kadiri nilivyojieleza kwa ufasaha ndivyo nilivyozidi kuonekana mpelelezi. Akaenda kumnong’oneza meneja, meneja akanichungulia, na vikombe vikaanza kuondolewa mezani kimoja baada ya kingine, huku wenyewe wakinitazama kama mtu aliyeleta taarifa ya kifo. Yule bwana wa masharubu, ambaye dhahiri ananizidi umri, akajipangusa mdomo kwa leso, akainuka na kunisalimu: “Habari ya kazi, afande.” Meneja akaleta soda ambayo sikuiagiza, akasema ni ya nyumba. Baadaye akaleta supu. Kisha akaja na faili lenye leseni ya baa, cheti cha afya na risiti za ada, akavipanga mbele yangu kando ya mifupa, nami kwa kukosa la kusema nikavisoma vyote na kumwambia kwamba viko sawa. Alishukuru mno.

Basi nikakaa saa mbili nzima nikiogopwa na kunyweshwa soda. Ilipogonga saa kumi na moja kamili, baa nzima ikapaza sauti kwa pamoja, nami nikaagiza bia yangu kwa sauti ya mtu aliyeonewa. “Moto ama baridi?” akauliza mhudumu. Nikamwambia baridi, baridi kabisa. Akakuna kichwa. Kumbe tangu “afande” alipoketi, friji lilikuwa limezimwa umeme na kupigwa kufuli ili lionekane halitumiki! Kwa hiyo, baada ya kungoja kote kule, nililetewa bia yenye joto la mtoto mwenye homa. Na hakuna aliyenionea huruma, kwa sababu nusu ya wazee waliokuwa pale waliomba ya moto kwa hiari yao, eti ya baridi inaumiza kifua. Jamani! Bia ya moto ni adhabu, si kinywaji, na sitajadiliana na mtu juu ya hilo.

Nikainywa hivyohivyo huku nikiitazama lebo. Tusker ilipata jina kwa sababu George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, aliuawa na tembo mwaka 1923. Sisi nasi tuna Ndovu, na Wakongo wana bia yao wameipa jina la Tembo kabisa. Yaani nchi tatu zimeafikiana kuhusu mnyama wa kuchora kwenye chupa, ila kuhusu saa ya kuifungua chupa hiyo, hakuna kikao kilichowahi kuitishwa.

Wala si saa tu. Gongo ya kwetu ni kesi mahakamani, ilhali ndugu yake waragi kule Uganda anavalishwa lebo na kuwekwa kwenye rafu za heshima, na chang’aa ya Kenya, ikipikwa kwa leseni, iliruhusiwa na sheria ileile iliyoninyima mimi bia saa tisa. Ujerumani kijana wa miaka 16 anauziwa bia bila maneno. Marekani angojee 21, tangu sheria ya mwaka 1984 ilipotishia kuyapunguzia majimbo fedha za barabara. Kitisho ambacho kwetu kisingefua dafu, maana barabara tunanyimwa hata tusipokunywa. Mpwa wangu aliyeko Sweden hununua bia yenye nguvu zaidi ya asilimia 3.5 katika maduka ya serikali, ambayo Jumamosi hufungwa saa tisa alasiri na Jumapili hayafunguliwi kabisa, kwa hiyo kila Ijumaa jioni simu yake haipokelewi kwa kuwa yuko kwenye foleni.

Ninaowavulia kofia ni Warundi. Primus yao ina sentilita 72, chupa moja inatosha mazungumzo na ugomvi na suluhu yake. Shemeji yangu wa Bujumbura aliniletea chache mwaka jana, tukazinywa, sasa chupa tupu zimebaki kwangu na hakuna duka hapa Arusha linalozipokea. Kila muuzaji anazigeuzageuza na kuniuliza nimeziokota wapi. Mama watoto ameamua kuzitilia mafuta ya taa, kizibo amekaza kwa karatasi, na moja ameiweka karibu kabisa na meza ya wageni. Nimemwomba aiondoe. Anasema niondoe kwanza vipuri vyangu sebuleni.