Pete Iliyogoma Kutoka

Shangazi yangu havumilii hadithi isiyo na mwisho. Tamthilia ikikatizwa na "itaendelea", anazima televisheni na kuinunia. Kwa hiyo nilipomkaribisha atazame nasi katuni ya The Lord of the Rings, ile ya mwaka 1978 iliyoongozwa na Ralph Bakshi, aliniuliza jambo moja tu: "Inaisha?"

"Inaisha, Shangazi. Pete inatupwa motoni, mambo yanalipuka, watu wanalia. Nimesoma kitabu chote."

Na nilikuwa nimekisoma kweli, majuzuu yote matatu ya Tolkien yaliyotoka 1954 na 1955, pamoja na zile nyongeza za mwishoni ambazo watu wenye shughuli zao huziruka. Filamu yenyewe ndiyo sikuwahi kuiona. Tukakaa: Shangazi, dada yangu, shemeji, mpwa wangu, na mimi nikiwa na rimoti, maana mwenye kitabu ndiye mwenye rimoti.

Mwanzo ulinikuna. Bakshi aliwapiga picha waigizaji halisi kwanza, kisha wachoraji wakachora juu yao, ndiyo maana wahusika wake wanatembea na uzito wa watu. Vitani, lakini, wale maadui wanaonekana kama watu wazima walionyeshewa na mvua ya wino. Mimi nilisamehe. Shemeji hakusamehe.

"Huyu bwana Aragorn, suruali yake iko wapi?"

Nikasimamisha picha. Nikaeleza nasaba yake yote, kwamba ni mrithi wa kiti cha ufalme kilichokaa wazi karne nyingi.

"Ufalme wa kurithi anao," akasema shemeji, "suruali hana."

Yakaja majina. Sauron ndiye mwovu mkuu, Saruman ndiye mchawi msaliti. Watengenezaji waliona majina hayo yanafanana mno, wakaamua huyu wa pili aitwe Aruman. Haya. Ila mahali pengine wakamwacha akaitwa Saruman vilevile, na Shangazi akahesabu waovu watatu. Mpaka leo ananiuliza yule wa tatu alikamatwa lini.

Mpwa wangu yeye alikuwa anamsubiri Balrog, lile zimwi la moto nililokuwa nikimtishia nalo akikataa kulala. Likatokea: uso wa simba, mabawa ya popo. Mtoto akacheka.

"Mjomba, linaruka?"

Masikini, hakujua amegusa nini. Wapenzi wa Tolkien wamegombana miaka na miaka kama Balrog ana mabawa au ni kivuli tu kilichotanda kama mabawa. Nikatoa hoja za upande wa kwanza, nikatoa za upande wa pili, na kwa kuwa safari hii nilisahau kusimamisha picha, nilipomaliza Gandalf, yule mchawi mwema, alikuwa ameshatumbukia shimoni na hakuna aliyeelewa kwa nini.

Zaidi ya saa mbili zikapita. Frodo, mbeba pete, na rafiki yake Sam wako njiani kwenda kuitupa; Gollum, kiumbe anayeitamani pete hiyo kupita kiasi, anawapangia njama. Kwingine, watu wamezingirwa katika ngome ya Helm's Deep. Gandalf anafika na jeshi, anarusha upanga juu, sauti inatangaza kwamba nguvu za giza zimefukuzwa milele, na majina ya watengenezaji yanaanza kupanda.

"Na pete?" akauliza Shangazi.

Bakshi alikusudia sehemu mbili. Waliosambaza filamu hawakutaka iandikwe "Sehemu ya Kwanza", na ya pili haikutengenezwa kamwe. Hayo niliyasoma baadaye. Usiku ule niliona jambo moja tu linalowezekana: diski imekwaruzika. Nikaichomoa, nikaivika kidoleni nipate kuizungusha chini ya taa, nikawa naieleza kwa hasira nikipunga mkono. Nilipotaka kuirudisha kwenye deki, haikutoka. Nikavuta. Kidole kikavimba.

"Mjomba amekuwa Gollum," akasema mpwa wangu.

"Tumtupe motoni," akasema shemeji, ambaye mwisho wa hadithi alikuwa ameambiwa na mimi mwenyewe.

Shangazi akaleta beseni la maji ya sabuni, akauzamisha mkono wangu humo na kuushikilia. "Haya, baba, wakati tunangoja, nimalizie hadithi yangu. Uliniahidi."

Nikaanza. Nikawapitisha kwenye pango la yule buibui mkubwa, nikawaingiza Mordor, nchi ya Sauron, nikawapandisha mlimani huku kidole kikidunda. Frodo amefika kwenye ufa wenye moto, na hapo hapo anagoma. Pete ni yake, haitupi.

Shemeji akaitazama diski iliyonikaa mkononi. "Sasa ilimtokaje?"

Nikasita. Mpwa wangu, ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yameota, alikuwa amechuchumaa kando ya beseni.

"Gollum," nikasema polepole, "alimng'ata kidole."

Diski ilitoka. Si kwa sabuni.