Mimi na Mchungaji Hatukulewa

Kwa kuwa rafiki yangu, bila hata kuniuliza, amekwisha kutangaza katika kundi letu la WhatsApp kwamba nimefukuzwa kazi kwa ulevi na kwamba niombewe, naona ni heri nisimulie mwenyewe kabla habari hazijamfikia mama Morogoro. Sikufukuzwa. Nilinyang'anywa funguo za foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo ghalani, kwa muda wa saa moja tu.

Chanzo ni Kiingereza cha hapa Leeds, Uingereza. Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, nilimsikia kijana mmoja wa ghalani akisema kwamba Jumamosi alikuwa "absolutely trolleyed", nami, kwa ujuzi wangu wa kunyambua vitenzi, nikajieleza kwamba trolley ni toroli, basi maskini alisukuma matoroli mpaka akachoka. Mwenzake akajibu kuwa yeye alikuwa "gazeboed". Gazebo nalijua: ni kile kibanda cha turubai, na vinne kati ya hivyo tulikuwa tumevisimamisha kanisani Jumapili. Nikafurahi kupata maneno mawili kwa mlo mmoja.

Jumanne asubuhi msimamizi alininyooshea funguo huku akiniuliza, "You all right?" Mwingereza akiuliza hivyo anakusalimu tu, nawe wapaswa kujibu kwa neno moja na kupita, lakini mimi, niliyelelewa kujibu salamu kwa habari za nyumbani, za watoto na za mvua, nilisimama nikavuta pumzi. Nikamwambia kwamba jana nilikuwa "trolleyed" na kwamba hata sasa bado sijapata nafuu. Mkono wenye funguo ukasita hewani. Nikaona uso wake umebadilika, nikadhani ni huruma, nikaongeza kwamba hilo si kitu, kwani Jumapili mimi na mchungaji wetu tulikuwa "gazeboed" tangu saa mbili asubuhi, na watoto wadogo wakitusaidia. (Msinicheke bado, wafuasi wangu.) Funguo zikarudi mfukoni mwake, polepole, moja baada ya nyingine, na nyuma yangu mtu aliyekuwa akila mkate akaacha kutafuna.

Kumbe Mwingereza huchukua jina la kitu chochote kisicho na hatia, akalibandika "-ed" mwishoni na "absolutely" mwanzoni, maana ikawa ni kulewa chakari. Wanaisimu wawili huko Ujerumani wamewahi kuchapisha utafiti wenye maneno 546 ya Kiingereza ya kutaja ulevi, na mawili ya aina hiyo nilijitwisha kwa pumzi moja mimi, ambaye kileo changu kikali ni soda ya tangawizi.

Nilipulizishwa kipimo, kikasoma sifuri, toroli likaelezwa, turubai likaelezwa, msimamizi akacheka mpaka akakalia boksi, funguo nikarudishiwa. Jina la Gazebo nimebaki nalo.

Linaloninyima usingizi ni kwamba mchungaji naye yumo katika kundi lile. Nimemwandikia maelezo marefu, yenye mifano ya sarufi. Alama mbili za buluu zimeonekana tangu jana saa tatu usiku, na hadi sasa hajajibu.